Rehema Hutangulia: Wokovu wa Biblia na Maswali Tunayoulizana Huku Kusini

Ukishuka kwenye basi mjini Masasi siku ya Jumapili, unaweza kusikia mafundisho yasiyopatana kabla hujafika uendako. Kanisa moja linakuambia kwamba ulibatizwa, wewe ni mtoto wa Mungu, ishike imani yako. Mtaa wa pili kipaza sauti kinakuambia kwamba ubatizo wa utotoni haukusaidii kitu, hujaokoka. Mbele kidogo yupo anayekuita ununue mafuta ya upako ufunguliwe laana ya ukoo, kwa kuwa bila hayo hata ukiokoka baraka hazitakufikia. Ukifika nyumbani, jirani yako Mwislamu, na mikoa ya Mtwara na Lindi majirani hao ni wengi, anakuuliza kwa nia njema: "Ninyi mnasema Mungu ni mwenye huruma. Sasa kwa nini asisamehe tu, mpaka mtu asulubiwe?"

Naamini sehemu kubwa ya mkanganyiko huu ina mzizi mmoja. Katika Maandiko, Mungu huanza kuokoa, kisha mtu huitikia. Sisi tunaupindua mpangilio huo: tunamtaka mtu alipe kwanza, ajitakase kwanza, ateseke kwanza, ndipo Mungu amwangalie. Ukishaupindua, mistari yote inaanza kugombana.

Tuweke maneno sawa kabla ya kuendelea. Rehema ni Mungu kumwonea huruma mtu aliye taabuni au mwenye hatia, asimtende kama alivyostahili. Neema iko karibu sana na rehema: ni Mungu kumpa mtu jema ambalo hakulifanyia kazi. Wokovu ni kutolewa katika hatari ambayo huwezi kujitoa mwenyewe. Katika Biblia hatari hiyo mara ni utumwa, mara ni maadui, na kwa undani wake ni dhambi na mauti. Agano ni ahadi iliyofungwa kwa kiapo. Toba ni kugeuka, kuiacha njia uliyokuwa ukiifuata na kumrudia Mungu, uwe umelia machozi au hukulia.

Kabla ya amri, ukombozi

Ukiwauliza watu Amri Kumi zinaanzaje, wengi watasema: "Usiwe na miungu mingine ila mimi." Lakini kuna sentensi inayotangulia, nayo ndiyo inayozishikilia zote: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa" (Kutoka 20:2). Angalia sura zilivyopangwa. Kuvuka bahari ni sura ya 14. Mana ni sura ya 16. Amri zinakuja sura ya 20. Wana wa Israeli walipewa sheria wakiwa wamekwisha kutoka utumwani, iwafundishe kuishi kama watu huru. Hakuna hata mmoja aliyezishika amri hizo kwanza ndipo akaruhusiwa kutoka Misri.

Kipo kisa cha zamani zaidi, na naona hakihubiriwi vya kutosha. Mwanzo 15 inamsimulia Abramu, mzee asiye na mtoto, aliyeahidiwa uzao kama nyota za mbinguni. Alimwamini Mungu, na imani hiyo ikahesabiwa kwake kuwa haki. Lakini habari ya nchi aliyoahidiwa bado anauliza atajuaje kwamba atairithi. Mungu anamwambia alete ndama, mbuzi na kondoo, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na mwana njiwa. Abramu anawapasua wale wanyama vipande viwili, anavipanga vikikabiliana, ndege hawapasui. Kwetu leo tendo hilo ni geni. Kwa watu wa nchi zile lilieleweka mara moja: waliofunga agano walipita katikati ya vipande, kana kwamba kila mmoja anasema, nikivunja neno langu, yanipate yaliyompata mnyama huyu. Nabii Yeremia, sura ya 34, anaitaja desturi hiyo hiyo anapowakemea wakuu wa Yuda waliofunga agano la kuwaacha watumwa wao huru, kisha wakawarudisha utumwani.

Abramu angetarajia kuitwa apite. Hakuitwa. Jua lilipokuwa likichwa alishikwa na usingizi mzito, na katika giza tanuru ya moshi na mwenge unaowaka vikapita kati ya vile vipande. Alama ya uwepo wa Mungu ilipita peke yake. Uzito wote wa kiapo ukakaa upande mmoja. Mwandishi wa Waebrania alitafakari ahadi aliyopewa Abrahamu, akasema Mungu aliapa kwa nafsi yake, kwa kuwa hakuwa na mkubwa kuliko yeye wa kumwapia (Waebrania 6:13). Ndiyo maana Wakristo wanaposema "ahadi ya wokovu" wanazungumzia jambo zito kuliko matumaini mema. Wanazungumzia neno ambalo Mungu amejifunga nalo mwenyewe.

Hapo linaanguka pia lile dai la vijiweni kwamba Mungu wa Agano la Kale ni wa hasira na wa Agano Jipya ni wa huruma. Watu walipotengeneza ndama wa dhahabu chini ya mlima wa Sinai, huku amri bado mbichi, Mungu alijitambulisha kwa Musa hivi: "BWANA, BWANA, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli" (Kutoka 34:6). Maneno hayo yanarudi katika Hesabu, Nehemia, Zaburi na Yoeli. Zaburi 136 ina mistari 26, na kila mmoja unaishia kwa kusema fadhili zake ni za milele. Yona naye aliyanukuu akiwa amekasirika: alikimbia ili asiende Ninawi kwa sababu alijua kwamba Mungu wa namna hiyo atawasamehe wale watu, naye hakutaka wasamehewe.

Ni haki kuongeza kwamba tangazo lile la Kutoka 34 linaendelea na kusema Mungu hamhesabii mwenye hatia kuwa hana hatia. Hukumu imo. Yesu mwenyewe alisema habari za Jehanamu waziwazi. Rehema ya Biblia haifumbii uovu macho, na jambo hilo tutalihitaji tukifika msalabani.

Watu wa Masasi na neno "ukombozi"

Huku kwetu historia inatusaidia kulisikia neno hili kwa uzito wake. Karne ya 19 misafara ya watumwa ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi pwani, Kilwa Kivinje ikiwa miongoni mwa bandari kubwa za biashara hiyo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliondoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakapitia Lindi, nia ikiwa ni kuwarejesha upande wa Nyasa. Walipofika Masasi wakaweka makazi, na hapo ndipo misheni ya Masasi ilipoanzia.

Kwa hiyo jumuiya ya kwanza ya Kikristo Masasi ilikuwa ya watu waliowahi kuhesabiwa kuwa bidhaa. Paulo anapoandika, "Katika yeye huyo, kwa damu yake, tunao ukombozi wetu, masamaha ya dhambi, sawasawa na wingi wa neema yake" (Waefeso 1:7), anatumia lugha hiyo hiyo ya mtu kutolewa kwenye minyororo kwa gharama ya mwingine. Mtumwa aliye kwenye msafara hajadiliani bei yake. Anakombolewa, kisha anajifunza kuishi kama mtu huru, na huko kujifunza kunaweza kuchukua maisha yake yote.

Yesu hakubadilisha mpangilio

Zakayo wa Yeriko alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tajiri aliyenenepa kwa mali za wenzake. Tungekuwa sisi, tungemwambia arudishe kwanza fedha za watu, kisha tutamtembelea. Yesu alimwambia: "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako" (Luka 19:5). Watu wakanung'unika. Baada ya kupokelewa hivyo ndipo Zakayo aliposimama akatangaza kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Fidia ile ilikuwa ya kweli, na iliuma mfukoni. Lakini haikuwa kiingilio. Ilikuwa tunda la kupokelewa.

Katika Luka 15 mwana mpotevu anarudi akiwa na hotuba aliyoitunga njiani: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Baba alimwona "alipokuwa angali mbali", akaenda mbio akamwangukia shingoni. Kijana akaanza hotuba yake, na ukisoma kwa makini utaona hakuifikisha mwisho. Sehemu ya kuomba awe mtumishi hakuitamka, kwa sababu baba alikuwa tayari akiagiza joho, pete na viatu. Kijana alihitaji kurudi, ndiyo. Angebaki kwa nguruwe asingekula karamu ile. Lakini huruma ya baba haikungoja hotuba.

Paulo analisema jambo hili bila mfano: "Bali Mungu aonyesha pendo lake yeye mwenyewe kwetu sisi, kwa kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi" (Warumi 5:8).

Kwa nini asisamehe tu?

Swali la jirani Mwislamu linastahili jibu la heshima, na Wakristo wengi hulikwepa. Tuanze kwa kukubali: Mungu anaweza kusamehe, na kabla ya msalaba Biblia inasimulia wengi waliosamehewa, Daudi akiwemo. Lakini msamaha wa kweli una gharama, na gharama hiyo humwangukia anayesamehe. Yesu aliliweka wazi katika mfano wa Mathayo 18. Mtumishi mmoja alidaiwa na mfalme talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Deni hilo ni siku milioni 60 za kazi. Kibarua asiyepumzika hata siku moja angehitaji zaidi ya miaka 160,000 kulilipa. Mfalme akamwonea huruma, akamsamehe. Deni halikuyeyuka hewani: hazina ya mfalme ndiyo iliyobeba pengo. Yule mtumishi akatoka akamkaba koo mwenzake aliyemwia dinari mia.

Kuna na upande wa aliyedhulumiwa. Mwovu akiachiliwa kwa kufumbiwa macho tu, aliyenyang'anywa shamba au aliyeuawa ndugu yake anaambiwa kwamba maumivu yake si kitu. Maandiko ya Kikristo yanashikilia mambo mawili pamoja, kwamba Mungu ni mwenye haki na pia anamhesabia haki mwenye kumwamini Yesu (Warumi 3:26). Yanasema mambo hayo yalikutana msalabani, ambako "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake" (2 Wakorintho 5:19). Hapa Wakristo na Waislamu wanatofautiana kweli juu ya Yesu ni nani, na kuificha tofauti hiyo hakujengi ujirani. Ila ni muhimu kinachosemwa kisikike sawasawa. Biblia haisemi kwamba Mungu mkali alimkamata mtu wa tatu asiye na hatia akamchapa ili hasira yake ipoe. Inasema Mungu mwenyewe ndiye aliyebeba hasara. Yohana 3:16 inaanza na upendo wa Mungu, na upendo huo ndio uliomtoa Mwana. Mwana hakuja kumbembeleza Baba aanze kutupenda.

Tumeokolewa, tunaokolewa, tutaokolewa

Ahadi inatusumbua kwa sababu inahusu kitu ambacho tayari ni chako lakini bado hujakishika. Mkulima wa korosho anaijua hali hiyo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye zao hili msimu wa 2007/2008, unapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unapangwa daraja, unakwenda ghala kuu, nawe unarudi nyumbani na karatasi. Mnada bado. Fedha hazijaingia benki. Ukiulizwa siku hiyo kama umepata au hujapata, utajibuje? Haki yako ipo na imeandikwa. Siku ya malipo ndiyo haijafika.

Paulo anasema Roho Mtakatifu ni "arabuni ya urithi wetu" (Waefeso 1:14), kile kinachotangulizwa kuthibitisha kwamba kilichobaki kinakuja. Kwa hiyo anaweza kuandika "mmeokolewa kwa neema" (Waefeso 2:8), kisha kwingine akasema "sisi tunaookolewa" (1 Wakorintho 1:18), na kwingine "tutaokolewa" (Warumi 5:9). Hajichanganyi. Hatia imeondolewa, tabia inaendelea kuponywa, mauti yenyewe itashindwa siku ya ufufuo. Anayejibu "nimeokoka" hajasema uongo, na anayesema "natumaini kuokolewa siku ile" hajakosa imani. Wanatazama sehemu tofauti za safari moja.

Hatari iko kwenye kungoja. Mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa magendo nje ya mfumo huo, humfuata mkulima mwenye mgonjwa ndani au ada ya shule, akachukua kwa bei ya kutupa mzigo ambao ungesubiri mnada. Esau alifanya biashara ya namna hiyo alipouza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa mkate na chakula cha dengu kwa sababu ya njaa ya siku moja (Mwanzo 25).

Mfano huu una mahali unapokoma, na lazima nipaseme. Korosho ni jasho la mkulima: alipalilia, akapuliza salfa, akaokota. Katika wokovu hakuna gunia ulilopeleka wewe. Stakabadhi imeandikwa jina lako kwa mzigo wa mwingine.

Yanayouzwa kwa jina la wokovu

Ndiyo maana mafuta, maji na "sadaka ya kufunguliwa" vinapouzwa kama njia ya kuipata rehema, Maandiko hayana lugha laini. Simoni wa Samaria alipowapa mitume fedha ili apate uwezo wa kumpa mtu Roho Mtakatifu, Petro alimjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali" (Matendo 8:20). Kutoa sadaka ni jambo jema, na kanisa linaendeshwa kwa sadaka. Kumtoza mama mjane wa Newala ili Mungu amhurumie ni jambo lingine kabisa, na linaniumiza kuliko mengine yote niliyoyataja hapa.

Habari ya laana ya ukoo huegemezwa kwenye maneno kwamba Mungu hupatiliza uovu wa baba hadi kizazi cha tatu na cha nne. Madhara ya uovu wa wazazi huwafikia watoto, tunaona hata kwenye nyumba zetu. Lakini watu wa siku za Ezekieli walipoligeuza jambo hilo kuwa kifungo kisicho na mlango, Mungu aliwakataza: "Mwana hatauchukua uovu wa baba yake" (Ezekieli 18:20). Na Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Hakuna ada iliyobaki ya kulipia.

Mateso nayo hayanunui kitu. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kilifi nchini Kenya, ulianza kutoa miili ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kutawafikisha kwa Yesu. Iliyofukuliwa ilizidi 400, watoto wakiwamo. Kufunga wakati wa Kwaresma hufungua moyo kwa Mungu na kwa maskini, kama Isaya 58 inavyosema. Hakuna mstari unaomtaka mtu afe ili ahurumiwe. Aliyekufa kwa ajili hiyo alikwisha kufa.

Wapo wanaogeukia upande wa pili: kama ni bure, basi nitende nitakalo. Paulo alikutana nao mapema. "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" (Warumi 6:1-2). Yakobo akasema imani isiyo na matendo imekufa. Waefeso 2 yenyewe, baada ya kusema wokovu hautokani na matendo, inaendelea mstari wa 10 kusema tuliumbwa tutende matendo mema. Zakayo angebaki na fedha za watu, tungeuliza kama kweli alimpokea mgeni wake.

Makanisa yanapotofautiana

Kwa Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, ubatizo ndio mlango, hata kwa mtoto mchanga, kwa kuwa rehema inamtangulia hata kabla hajaweza kusema. Wapentekoste wengi hukazia uamuzi wa mtu mzima na ubatizo baada yake. Mazoea ya kuulizana "umeokoka lini?" yalikuzwa sana na Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki, tena ndani ya makanisa ya zamani yenyewe. Tofauti hizi ni za kweli. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri, waliogawanyika kwa karne nyingi juu ya jambo hili hili, walitia sahihi tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani katika kazi ya Kristo, na si kwa stahili yake. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Katika shina la jambo wanakubaliana kuliko vipaza sauti vinavyotufanya tudhani.

Limebaki swali la kama aliyeokoka anaweza kupotea. Hapo makanisa hayajaafikiana, na kila upande una mistari yake. Yesu anasema hakuna atakayewapokonya kondoo katika mkono wake (Yohana 10:28). Waebrania 6 inaonya vikali juu ya wanaoanguka baada ya kuonja. Ninavyoona mimi, maneno hayo yamekusudiwa kwa wasikilizaji wasiofanana, na mchungaji anapaswa kumjua aliye mbele yake. Mama asiyelala usiku kwa hofu kwamba kosa la jana limefuta jina lake mbinguni asomewe Yohana 10. Anayewapunja wakulima wenzake kwenye mzani, kisha Jumapili akasimama kushuhudia kwamba ameokoka, asomewe Mathayo 7:21: "Si kila mtu aniambiaye, Bwana, Bwana, atakayeingia katika ufalme wa mbinguni." Na akitaka kujua aanzie wapi, Luka 19 ipo: arudishe alichochukua.